Sakafu Safi

To, to, to. Maji yalidondoka ndooni kutoka kwenye tambara. Kabla hakujapambazuka, Sikitu alikuwa amepiga magoti sebuleni, anafuta damu ya mumewe gizani. Mwili ulishapelekwa hospitali. Kaka yake Sikitu, Mbaruku, alishatiwa ndani, kwa kuwa juzi alitukanana na marehemu.

Asubuhi akaja mpelelezi na sanduku la unga wa kutafutia alama za vidole. Akaingia hatua mbili, akaganda.

"Dada, nani kapiga deki?"

"Mimi, afande. Ningewakaribisha wapi, na damu imetapakaa?"

"Muuaji aliacha nyayo hapa. Ndizo zingemtoa kaka yako, kama kweli si yeye. Sasa nikapime nini, harufu ya sabuni?"

Sikitu akakaa palepale chini. Mikono yake, iliyokunjamana kwa maji, ikalivuta tambara karibu.

Mpelelezi akageuka aondoke. Buti zake zilikuwa zimeacha alama mbili za tope kwenye sakafu iliyong'aa. Binti wa Sikitu, wa miaka mitano, akachutama, akazitazama kwa makini, kisha akasema, "Zile za damu za jana zilikuwa hivihivi."