Viti Katikati ya Ukumbi

Katika ukumbi ule, wachezaji wakichoshwa na wimbo hawakuzomea. Walivuta viti hadi katikati, wakaketi na kuwapa wanamuziki mgongo. Bendi ikiona hivyo, hurudi kwenye nyimbo zake za zamani.

Bendi ya Tunu haikuwahi kupewa mgongo. Ilipiga ska, muziki wa kurukaruka, na watu walicheza mpaka viatu vikawatoka. Jumapili moja alasiri Tunu alishusha tarumbeta yake, akawaambia wenzake, "Leo tunapiga ule mrefu."

Wimbo ulianza polepole, kinanda peke yake. Kisha dramu zikaingia na mdundo uliobadilika kila miguu ilipotaka kuuzoea. Watu walijaribu kucheza, wakagongana, wakasimama. Kiti cha kwanza kikaburutwa. Kikafuata cha pili, halafu ukumbi mzima ukawa migongo mitupu.

"Dada Tunu, turudi kwenye ska," Mbaruku alinong'ona kutoka nyuma ya dramu. "Watatufukuza hawa!"

"Piga."

"Hawachezi!"

"Nimeona. Wewe piga."

Tunu akainua tarumbeta, akaingia kwenye sehemu ya mwisho, ile waliyoifanyia mazoezi mpaka midomo ikamchubuka. Hakupuliza kwa nguvu zaidi. Alipuliza taratibu, kama anayemweleza mtu jambo.

Karibu na nguzo, mama mmoja aliyesifika kwa kucheza aliinuka. Tunu alidhani anaondoka. Yule mama akakishika kiti chake, akakigeuza kuelekea jukwaani, akaketi, akavua viatu.