Gego la Popo

Zawena alikataa kubandika kile kibandiko. Kazi yake pale makumbusho ilikuwa kubandika tu, lakini mkuu wake, Bwana Shekue, alikuwa ameandika "popo mla matunda," na lile taya la kale lililogeuka jiwe lilisema vingine.

"Binti, umeajiriwa kusoma meno au kupaka gundi?"

"Kupaka gundi, mzee. Lakini uongo sibandiki."

"Zawena, ndiyo unatuaga?" mwenzake mmoja akamcheka.

Zawena akafungua droo ya popo wa siku hizi, akatoa mafuvu mawili, akayaweka kando ya taya. "Huyu anakula maembe, gego lake bapa kama sahani. Huyu anakula wadudu, gego lake lina ncha kali kama msumeno. Haya, lipi linafanana na hili la jiwe?"

"Hilo nimelitazama miaka ishirini."

"Basi leo liguse."

"Ukikosea, kesho usije."

"Na nikipatia?"

Mzee akavua miwani, akanyoosha kidole. Zawena akamsogezea taya, na kidole kikasimama juu ya ncha kali za lile gego la jiwe, hakijagusa bado.