Tone la Pili

Siku ya kubariki vyombo vya kazi, Poongodi alizunguka chumba cha mashine cha hospitali akipaka kila sanduku la diski za kompyuta tone la unga mwekundu.

"Usibague hata moja, dada," alitania msimamizi wake mlangoni. "Litakununia mwaka mzima."

Mashine kuukuu ya kanda, iliyokuwa ikihifadhi nakala za akiba, ilivishwa shada la maua la mwisho jana yake, ikaenda na mchuuzi wa vyuma chakavu, pamoja na kanda zake. Mahali pake Poongodi alikuwa ameunda kanda pepe kumi na mbili, kanda zisizo na mwili, zinazokaa ndani ya diski.

Sanduku namba saba lilikuwa na kumbukumbu za wagonjwa wote. Taa yake ilikuwa ya njano tangu asubuhi. Akalipaka tone.

"Hili linataka kufa, bosi."

"Life tu. Nakala si ziko kwenye kanda zako? Haya, na zenyewe zipake."

Poongodi akachovya kidole, akafungua daftari kutazama alikoziweka.

Namba saba.

Akasoma tena, kisha akaligeukia sanduku lenye taa ya njano. Unga ukadondoka ukurasani.

"Mbona umeganda? Hilo ulishalipaka. Nenda kwenye jingine, lenye kanda."

"Hakuna jingine, bosi."