Mazishi ya Dengu

Leanna aliinua soksi za mtu asiyemjua sandukuni, akaufukia mfuko wa dengu chini yake, akafunika. Alisimama kidogo, kichwa chini, kwa heshima ya marehemu. Kisha akatazama huku na huku. Hapakuwa na shahidi.

Sanduku la namna ile limo katika kila nyumba ya wageni kwenye Njia ya Appalachia, ile ya kutembea kwa miguu milimani hadi jimbo la Maine, kaskazini kabisa: usichotaka kubeba unakiacha, unachokitaka unakichukua bure. Dengu zile zilipikwa na kukaushwa na mama yake huko Cincinnati, majira ya baridi yote, na kutiwa mdalasini kama ilivyo kwao. Zilikuwa nyepesi, rahisi, zenye kutia nguvu; huwezi kuzilaumu kwa lolote ila ladha. Kila posta aliyofika, kifurushi kilikuwa kimemtangulia, jina lake na namba ya simu ya mama vimeandikwa juu. Leanna alikuwa ametembea majimbo mawili na bado hajatoka jikoni kwa mama.

Jioni, mvua iliwafungia yeye na Kijiko katika kibanda cha mbao mlimani. Majina halisi hakuna aliyeyauliza; huko njiani kila mtu hubatizwa upya, na Kijiko alibatizwa hivyo kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Aliungana naye mji wa pili. Hakuwa na senti, aliishi kwa yale masanduku, na alijua kumchekesha mtu kwenye mlima mkali.

"Mizani," alimwita, maana Leanna alikuwa amekata hata mpini wa mswaki kupunguza uzito. "Funga macho."

"Tambi?"

"Tambi ni chakula cha wafungwa. Nusa."

Mdalasini.

"Kuna mtakatifu anatutangulia," Kijiko alisema akikoroga. "Kila mji anatuachia hizi. Nikimkuta nitambusu miguu, na unajua miguu ya huku inavyonuka."

"Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi umelamba siagi ya karanga tu. Kula, bibie, usinitie aibu mbele ya mtakatifu."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwembamba wa kuzaliwa. Kula."

Akala. Angesema nini? Kwamba anatupa chakula alichohangaikia mama yake, mbele ya mtu anayeokota makombo ya wenzake? Kijiko angemwona mtoto wa kudeka, na asubuhi angeongeza mwendo. Maine ilikuwa mbali mno kwenda peke yake, na Leanna alikwisha kuizoea ile mikwaruzo ya viatu nyuma yake kiasi cha kuogopa kuikosa. Basi akameza, akatabasamu. Kijiko akamwongezea.

Ikawa hivyo mji hadi mji. Alizika ndani zaidi: chini ya mchele, ndani ya kiatu kilichotoboka. Safari moja aliandika juu ya mfuko "chakula cha mbwa". Jioni ile Kijiko alitamka kwa unyenyekevu kwamba mbwa wa nchi hii wamebarikiwa.

Faraja yake ilikuwa moja. Mama, ambaye zamani kila simu aliuliza anakula nini, sasa aliuliza hali ya hewa tu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Mji wa kwanza wa Virginia, posta walimkabidhi kifurushi kikubwa kuliko vyote. Leanna alikaa nacho mapajani, barazani, watu wakimpita. Aliona wazi kwamba ama aseme, ama ale dengu mpaka Maine, na pengine mpaka kaburini, kama mwanamume huyu angemtaka kama yeye alivyoanza kumtaka.

Akainuka. Njia nzima alirudia maneno kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu: Kijiko, mtakatifu ni mimi. Nisamehe.

Alimkuta nyuma ya nyumba ya wageni, amempa mgongo, simu sikioni, akizungumza kwa adabu ambayo Leanna hakuwahi kuisikia kinywani mwake.

"Ndiyo, Mama Leanna. Zote, mpaka akakomba bakuli. Hapana, hashuku kitu. Ila mdalasini upunguze kidogo, mama. Mimi mwenyewe zimenishinda."