Mke wa Kwenda Kanada

Mkono wa kushoto wa Eufrasia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Alikaa chini kando ya kinu, meno ameyauma, na damu ilikuwa imechirizika kutoka ukingoni mwa kinu mpaka kwenye mihogo. Mbele yake alisimama Mbuke, mke mdogo, na mchi mkononi.

Wa kwanza kufika alikuwa Scolastika, mama mzazi wa Eufrasia. Alikuwa ametoka dukani kumchukulia mwanawe sweta la safari. Hakuuliza kitu. Alimrukia Mbuke, akamkamata nywele, akamgonga kichwa ukutani, akamgonga tena.

"Nilikuwa namnyang'anya!" Mbuke alilia. "Mayu, mama yangu, mimi nilikuwa namnyang'anya!"

"Tunajua!" jirani mmoja alimjibu, akiingia uani na wenzake. "Ulikuwa unamnyang'anya Kanada!"

Watu wakacheka, huku mateke yanamwingia.

Mji mzima wa Buseresere ulijua habari ya Kanada. Bujiku, mume wao, alinunua dhahabu kwa wachimbaji mwaka nenda mwaka rudi na kuiuza kwa njia alizozijua mwenyewe, mpaka Jashvant mwenye duka alipomfungua macho. Kaka yake Jashvant alikuwa na hoteli huko. Mwaka ule wa 1987 serikali ya Kanada ilikuwa inamkaribisha mgeni mwenye mtaji: weka fedha zako kwenye biashara yao, nao wanakupa ukaazi, unakaa mpaka uzeeke. Bujiku akaweka kwenye ile hoteli. Kilichobaki ni kwenda Nairobi ubalozini, yeye na mkewe, wahojiwe na kupimwa na daktari.

Mke mmoja tu. Habari ya wake wawili Wazungu hawaitaki. Cheti cha ndoa kingeandikwa Geita, njiani, na Bujiku alikuwa ameshamtaja Eufrasia, mke mkubwa.

Scolastika alipoisikia habari hiyo alipiga vigelegele. Binti yake alikuwa amekimbilia kwao si mara moja, na kila mara mama alimrudisha kwa mumewe, maana ng'ombe wa mahari walishatumika kumwoza kaka yake. Ng'ombe waliolipiwa mahari hawarudi zizini, wazazi tunajua.

"Si nilikwambia?" alimwambia walipokuwa wanafunga sanduku. "Mvumilivu hula mbivu. Wewe utakula Kanada."

Eufrasia aliendelea kukunja nguo. Jashvant alipopita kuwaaga, ndipo alipouliza swali moja.

"Bwana Jashvant, huko majirani wako karibu?"

"Ukuta kwa ukuta! Lakini kila mtu na mlango wake, mama, kwa baridi ile. Unaweza kumaliza mwaka hujamjua wa pembeni."

"Hata chumvi hawaombani?" Scolastika alishangaa.

"Chumvi atanunua, mama! Mume tajiri huyo!"

Walicheka wote, Bujiku kuliko wote.

Sasa, Mbuke akiwa bado anapigwa, Bujiku aliingia uani, shati lake la safari limepigwa pasi. Alipomwona mama mkwe alirudi nyuma hatua chache, kama desturi inavyomtaka mkwe, akainama. "Shikamoo, mama." Kwa adabu hiyo Scolastika alimsifu popote alipokaa na wanawake wenzake. Kisha Bujiku akautazama mkono uliopinda.

"Nani?"

Vidole vyote vilimwelekea Mbuke. Eufrasia naye aliulizwa, akafumba macho. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Bujiku alivua mkanda. Alimpiga Mbuke mgongoni, mapajani, kwenye nyayo, kwa utulivu wa mtu anayepura mtama. Ngozi ilichanika, gauni likagandamana na mgongo, naye hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Usoni hakumgusa. Mbuke alipoishiwa sauti, mumewe alimwinua kwa kwapa.

"Kaoge," alimwambia. "Vaa nguo za mwenzako. Jina litakaloandikwa Geita ni la kwako."

Scolastika alimgeukia mkwewe.

"Amemvunja mwanangu, na wewe unamtuza?"

"Nifanyeje, mama?" Bujiku alisema, macho chini. "Daktari wao anapima kila kiungo. Mgongo utapona tukiwa safarini, lakini wakiuona mkono ule, wataniuliza nani kauvunja. Hapo nitasema nini?"

Land Rover ya safari ilipopiga honi, Mbuke alikuwa ameukumbatia mwimo wa mlango. Wanaume walimbandua kidole kimoja kimoja, wakambeba miguu juu kama mbuzi wa mnadani.

"Mnafiki mkubwa!" yule jirani alimpigia kelele. "Umeipata, unalia nini tena?"

Scolastika alimtemea mate. Yalitua kwenye sweta jipya, na gari likaondoka.

Vumbi la barabara ya Geita lilipotulia, mama alirudi kwa binti yake. Walikuwa wameufunga mkono kwa vijiti na kipande cha khanga, wakisubiri baiskeli ya kumpeleka zahanati. Scolastika aliketi chini, akamwegemeza kifuani kama alipokuwa mdogo, machozi yakimtoka yeye mama peke yake.

"Pole, mwanangu. Mshenzi yule kakuvunja mkono, kakuvunja na bahati yako."

Eufrasia alifumbua macho. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, ule mzima, akivikunja vidole na kuvikunjua.

"Ningeuvunja na huu, mayu," alisema, "ila sikubakiwa na mkono wa kupigia."