Wakubwa wa Kivuko

Bisha tu, maana najua utabisha: mto mmoja ulikuwa na wakubwa wawili. Kiboko alitawala mto mzima. Kenge alitawala kivuko tu, lakini kwa maringo ya mwenye bahari. Kila mpitaji alipiga hodi, na havuki mpaka aitikiwe.

Asubuhi moja Digidigi akapiga hodi. Mwanawe alikuwa ng'ambo, hajanyonya tangu jana.

"Karibu, mama!" akasema Kiboko.

"Karibu ya nani?" Kenge akafoka. "Hapa mwenye kuitikia ni mimi. Subiri kwanza!"

"We mkia mtupu! Kivuko kimo mtoni au kiko mbinguni?"

"Mafahali wawili hawakai zizi moja, bwana mkubwa. Hama wewe!"

Ng'ambo mtoto akalia. Maziwa yalikuwa yamemjaa Digidigi mpaka yanamuuma. Akatupa macho majini, akapiga ukelele: "Mamba huyo, kivukoni!"

Kenge alikuwa juu ya mti kabla neno halijaisha. "Mzee wangu Kiboko, mto wote ni wako! Nani asiyejua?"

"La, mwanangu," akajibu Kiboko, na mwili wote ule, akirudi nyuma kwa adabu. "Kivuko ni chako. Mimi siingilii mambo ya watu."

Wakabaki wanapeana heshima. Digidigi akavuka bila karibu ya mtu, akamnyonyesha mwanawe.

Haya, usininunie, kuna kipande nimekificha. Mamba mwenyewe alikuwa gogo tu. Digidigi alilijua tangu mwanzo, ila hakuna mkubwa aliyesogea kutazama.