Sekunde Tisa

"Nimewasafishia wimbo," fundi mitambo alijigamba. "Katikati palikuwa na sekunde tisa tupu, nimezikata."

Mpiga drams alivua hedifoni. Miaka ishirini bendi yao ilichekwa kwa mwendo wake wa kinyonga. Leo kila kijana mwenye gitaa anauiga. Lakini zile sekunde tisa haziigiki. Humo ndimo marehemu dada yake, mwimbaji wao, alimokuwa akitafuta pumzi kwa mapafu mabovu, na yeye vijiti viko juu, anamsubiri.

"Zirudishe."

"Rekodi ya zamani nimeshaifuta, kaka. Kwani pale si hapakuwa na kitu?"

Mpiga drams akainuka. Akamziba fundi pua na mdomo kwa kiganja, akaanza kuhesabu kwa mwendo wa bendi yao.

"Moja."